Kudumu, imara, madhubuti: maswali yenu kuhusu vitu vinavyokaa

Asalamu alaikum na hamjambo nyote. Wiki mbili zilizopita niliwauliza neno moja tu, "kudumu", mnalitumiaje huko mliko, nikaletewa mengi kuliko nilivyotarajia, wengine wametuma sauti, wengine picha za vibao vya maduka, mmoja kanitumia picha ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua. Nimechagua yale naona yatafaa wengi na marefu nimeyafupisha. Majina siweki, kama kawaida yetu.

Mwalimu, mimi ni seremala, nina karakana ndogo Langoni hapa Lamu. Nimeandika kibao SAMANI ZA KUDUMU. Mzee mmoja mteja akaniambia nimekosea, niandike SAMANI IMARA. Nani ana haki?

Nyote wawili bwana fundi, ila hamsemi jambo moja. Imara ni hali ya kitu leo, sasa hivi ukikishika. Unakalia kiti, hakiyumbi, hakilii, miguu yote minne imekaa chini, hicho ni imara. Kudumu ni habari ya wakati, yaani kiti hicho hicho mwaka wa kumi kipo ama hakipo. Kwa hivo uimara mtu anaujua pale pale dukani kwa dakika moja, lakini kudumu huwezi kukujua dukani, unaambiwa tu na wewe unaamini, ni ahadi. Ndo manake wauzaji wanalipenda sana hili neno, hakuna wa kuwapima siku hiyo.

Na vitu hivi viwili vinaweza kuachana kabisa. Vuka mkondo uende kisiwa cha Manda, uingie magofu ya Takwa. Kuta za msikiti mkubwa zimesimama mpaka leo na ile nguzo yake juu ya upande wa kibla, ukiweka mkono unaona jiwe lina nguvu zake. Kuta imara. Lakini mji wa Takwa haukudumu, watu walihama karne ya 17 na hakuna aliyerudi kuishi, watu wa Shela huenda kwa ziyara na dua ya mvua kisha wanarudi makwao. Sasa rudi Lamu hapa utembee Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, nyumba ngapi zimeanguka zikajengwa tena juu ya msingi ule ule, boriti ngapi zimetolewa zikatiwa nyingine, milango mingine imeuzwa ikaenda zake, lakini watu hawajakatika kuishi hapa zaidi ya miaka 700, na UNESCO walipouingiza mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 hilo nalo walilitaja, kwamba mji bado unaishi. Lamu umedumu. Ngome tuliyonayo pale uwanjani ilijengwa 1813 mpaka 1821 na yenyewe imeshakuwa gereza, imeshakuwa makumbusho na maktaba, imedumu kwa kubadilishiwa kazi.

Asili ya maneno pia inasaidia. Imara limetoka kwenye Kiarabu kwenye neno la jengo, na mzizi wake ndio huo huo uliotupa umri na umra. Nalo madhubuti ni ndugu yake dhibiti, kwa hivo madhubuti ni kitu kilichofungwa kikafungika, fundo madhubuti, kitasa madhubuti, hata hoja madhubuti ambayo huwezi kuipenyeza kidole. Thabiti ni ndugu yake thibitisha, tunalitumia zaidi kwa mtu na msimamo wake, imani thabiti, mtu thabiti, kuliko kwa kabati. Kuna sugu pia lakini hilo mara nyingi lina ubaya ndani, maradhi sugu, mwizi sugu, kwa hivo usiliweke kwenye kibao.

Kama mbao zako ni mbambakofi ama mvule, na viungo umevichomeka mbao ndani ya mbao, si msumari na gundi peke yake, andika IMARA kwa moyo mweupe. Hilo la kudumu wataandika wateja wako, watakuja wajukuu wao wakwambie.

Mwalimu, mimi nakaa Mkomani nyumba ya mawe ya urithi. Plasta ya chokaa inabanduka sehemu ya chini ukutani. Fundi kaniambia tupige saruji ndo ya kudumu kwa sababu ni ngumu. Je, kitu kigumu ndicho kinachodumu?

Hapana mama yangu, na hili swali lako nimelisoma mara tatu kwa sababu limenigusa pabaya.

Kwetu mwaka 1998 fundi mmoja alituambia maneno hayo hayo, baba alikuwa mgonjwa, sisi watoto tukaona tumfanyie jambo jema, tukapiga saruji ukuta mzima wa daka, kile kibaraza cha mlangoni, na chumba cha nyuma. Ukawa laini kama kioo, tukafurahi. Masika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili ukaanza kutoa unga mweupe karibu na sakafu, nikaulamba, chumvi. Mwaka wa nne alfajiri moja tukasikia kishindo, kipande upana wa sinia la pilau kimeanguka chini. Nilikiinua mwenyewe. Mbele safi kabisa, hakina hata ufa, lile tabaka la saruji lilikuwa zima kama siku lilipopigwa. Nikakigeuza nyuma, jiwe la matumbawe lililogandana nalo lilikuwa limekwisha, nililigusa likamwagika mkononi kama mchanga. Yaani saruji ilidumu, ukuta ndo uliokufa nyuma yake, na mpaka leo ule ukuta tumeshautengeneza mara mbili na chumba kile bado kinanuka uvundo mvua zikinyesha.

Sababu yake ni hii. Mawe yetu haya, yawe ya kuchimbwa kule Maweni Manda ama matumbawe ya baharini, yana matundu matundu, yananyonya maji kutoka ardhini na chumvi ndani yake. Chokaa nayo ina matundu, kwa hivo maji yanapita yanatoka nje yanakauka na upepo, ukuta unapumua. Saruji imejifunga, maji yanafika pale yanakwama, yanakauka nyuma yake na chumvi inajikusanya ndani ya jiwe, inavimba, inalila jiwe polepole. Ukuta unaliwa na wewe nje unaona unang'aa.

Na chokaa usiidharau kwa sababu ni laini. Mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa mpaka yanakuwa mepesi meupe, halafu yanazimwa kwa maji yanachemka yenyewe yanakuwa unga. Ukiupiga ukutani ule unga pole pole unavuta kutoka hewani ile kabonidayoksaidi tunayoitoa puani, na ndani ya miezi na miaka unarudi kuwa jiwe lile lile lililochomwa. Ikipata ufa mwembamba chokaa nyingine inayeyuka kidogo na maji inaingia mle inauziba. Inabanduka, kweli, hasa chini kwenye unyevu, lakini inabanduka yenyewe badala ya jiwe, na wewe kila baada ya miaka kadhaa unapiga nyingine. Wazee wetu hawakujenga wakaondoka, walijenga wakakaa wakawa wanapaka kila mara.

Mtepe, chombo chetu cha baharini cha zamani, ulikuwa hivo hivo, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, ukipigwa na wimbi unanyumbuka, ukikalia mchanga haupasuki, na kamba zikichoka unashona upya. Kwa hivo gumu ni kinyume cha laini, halina habari na miaka. Mkate mgumu haudumu.

Kabla ya kupiga chochote kwanza tafuta hayo maji yanatoka wapi, angalia bomba, angalia mfereji wa nje, angalia kama jirani ameinua sakafu yake. Halafu tafuta fundi wa chokaa, bado wapo mama, na kwa vile uko ndani ya mji wa kale pita kwa watu wa Makumbusho ya Taifa wanaohusika na uhifadhi waje wauone ukuta kabla hujagusa.

Ni "kitu ya kudumu", "kitu kudumu" ama "kitu cha kudumu"? Na wingi wa imara ni maimara? Mwanafunzi, Faza.

Kitu cha kudumu, vitu vya kudumu, mlango wa kudumu, nyumba ya kudumu, mahali pa kudumu. Kudumu ni kitenzi, ukitaka kisifie nomino lazima uweke kile kiungo cha -a kinachofuata ngeli yake. Imara halibadiliki, kiti imara, viti imara, mtu imara, watu imara, hakuna maimara wala kiimara. Na madhubuti, thabiti, bora, safi, hodari yote yako hivo hivo kwa sababu mengi tumeyapokea kutoka nje hatukuyavisha viambishi, tofauti na -gumu ambalo ni letu la asili ndo manake linasema mgumu, kigumu, magumu. Ukitaka jina la hali unasema uimara, uthabiti, umadhubuti. Na ukisikia jirani zetu wa Tanzania mkutanoni wanaitikia "Kidumu!" ile ki- ni ya chama, Kidumu Chama Cha Mapinduzi, kama kingekuwa nchi wangesema "Idumu!" Kwenye mtihani hilo linaweza kukutokea.

Kliniki wameandika kwenye kitabu cha mtoto "amedumaa". Jirani yangu kasema ni jambo zuri, mtoto atadumu. Nimechanganyikiwa. Mama, Mokowe.

Dada yangu hayo ni maneno mawili tofauti na hilo la kliniki si la kuchukulia polepole. Kudumu ni kukaa miaka mingi. Kudumaa ni kutokukua, mtoto kimo chake kimekuwa kifupi kuliko umri wake unavyotaka, na mara nyingi inatokana na lishe isiyotosha ama maradhi ya kurudiarudia, kuharisha kwa mfano, kwenye ile miaka 2 ya kwanza na hata tangu tumboni. Hali yenyewe wanaiita udumavu. Rudi kliniki wiki hii, usingoje tarehe ya chanjo, mwambie muuguzi akueleze kimo na uzito wa mtoto na umpe nini cha kula kwa umri wake, samaki, mayai, kunde, mboga za majani, vitu ambavyo hapa kwetu tunavyo. Jirani hakukutakia baya, sauti zimemchanganya.

Mimi ni wa Lamu lakini niko Qatar miaka sita sasa. Huku "dawam" ni saa za kazi, "dawam yako saa ngapi?" Je, ina uhusiano na daima dawamu yetu?

Ndio mwanangu, ni neno lile lile. Kwa Kiarabu ule mzizi ni wa kuendelea bila kukatika, ndo umetupa sisi dumu, daima, na dawamu. Huko Ghuba wameliteremsha mpaka kwenye kazi ya kila siku, zile saa unazotakiwa uwepo bila kukatika. Sisi tumelipandisha, ukisema daima dawamu umeshasema milele, mtu anaapa nalo, anaandikia barua ya mapenzi nalo. Mamako akikwambia kwa simu "nakukumbuka daima dawamu" hasemi kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja. Na hicho kitenzi chetu cha kudumu ukikitazama vizuri kimekaa katikati ya hayo mawili, kina ile milele lakini kina na ile ya kuamka kila siku ukaenda tena.

Miaka sita ni mingi. Mungu akurudishe salama.

Mimi ni nahodha Matondoni. Sisi hatusemi mashua imedumu, tunasema "imekaa". Mashua hii imekaa. Mtoto wangu wa sekondari anasema si Kiswahili sanifu. Kweli?

Nahodha, mwambie mtoto babake anasema Kiswahili. Kukaa kwa maana ya kudumu kumeenea pwani nzima na bara pia, betri inakaa na moto siku mbili, mkate wa mofa haukai, kilemba hiki kimekaa. Tofauti ni ndogo lakini ipo. Kudumu kuna heshima fulani, ni neno la kuandikia na la dua. Kukaa ni la mkononi, la mtu anayekijua kitu chenyewe. Na lina wenzake ambao kwenye vitabu vya shule huwaoni, kitu hakikai kwa sababu kimechoka, kimelegea, kimechakaa, kimeliwa, kimeoza, kimeshika kutu, na kila moja fundi analijua kwa mkono wake. Tanga linachoka. Ubao unaliwa. Msumari unashika kutu. Hutasikia mtu wa Matondoni akisema tanga limeoza kama halijaoza.

Ile picha ya mkuku uliyonitumia nimeikuza nikaiona ile pamba ya kalafati inayochungulia kati ya mbao mbili, nyeusi kwa mafuta, na pale pembeni pengine ni mpya bado nyeupe. Nilipokuwa mdogo ami yangu alikuwa akinikalisha chini ya mashua iliyopandishwa pwani nimshikie bakuli la mafuta, anasokota pamba kwenye paja lake, anaichovya, anaipanga kwenye upenyo, halafu anaigonga na patasi butu, ko, ko, ko, na alikuwa anasikiliza. Sauti ikibadilika ikawa nzito anasimama, kwamba imeshajaa, ukizidisha unapanua mbao. Baadaye wanachoma makuti chini yake moto upite haraka haraka kuua wale wadudu wanaotoboa mbao, halafu wanapaka shahamu, mafuta ya mnyama na chokaa, mpaka inakuwa nyeupe chini. Baada ya miezi wanarudia yote tangu mwanzo. Mashua ile imekaa miaka mingi kuliko ami mwenyewe, na siku alipokufa waliosaidia kubeba jeneza ni wale wale waliokuwa wakiisukuma mashua majini.

Kwa hivo mtoto ajifunze yote mawili. Kwenye insha aandike "imedumu", pwani aseme "imekaa".

Dumu la maji na kudumu ni neno moja?

Hapana. Dumu la maji wingi wake madumu, ni nomino ya chombo, zimekutana sauti tu. Na dumuzi yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani usimuweke kwenye hesabu hii, kazi yake ni kinyume kabisa.

Nimefanya kazi miaka minne kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Sasa wanasema watatupa "ajira ya kudumu". Kudumu hapo ni mpaka lini?

Swali zuri na watu wengi wanaogopa kuliuliza. Kwenye lugha ya ofisi kudumu hakuna maana ya milele, kuna maana ya "hakuna tarehe ya mwisho iliyoandikwa". Mkataba wako wa sasa una tarehe, siku ikifika umekwisha wenyewe bila mtu kukwambia neno. Ajira ya kudumu haina hiyo tarehe, inaendelea mpaka uache, uachishwe kwa utaratibu wa sheria, ama ufike umri wa kustaafu, ambao kwa utumishi wa serikali hapa Kenya kwa kawaida ni miaka 60. Hata yule mkubwa wa wizara tuliyekuwa tukimwita Katibu wa Kudumu alikuwa akibadilishwa kama wengine, jina lenyewe likaja kuondoka baada ya katiba ya 2010.

Vile vile ulemavu wa kudumu kwa daktari ni ule usiotarajiwa kuondoka, na meno ya kudumu ya mtoto, yale 32 yanayofuata 20 ya utotoni, yanaitwa hivo kwa sababu hayana mengine yatakayokuja baada yake, wala hakuna aliyekuahidi hayatang'oka. Kwa hivo dada usisome neno kudumu ukafurahi, soma ukurasa unaosema malipo ya uzeeni, likizo, na notisi ni ya muda gani. Hapo ndo utajua wamekupa nini, na barua omba kwa maandishi, usikubali ya mdomo.

Leso nimenunua Malindi, muuzaji kaniapia "rangi ya kudumu". Nimefua mara moja maji yamekuwa mekundu. Nimedanganywa?

Pengine ndio pengine siyo. Leso mpya nyingi hutoa rangi ile iliyozidi, fuo la kwanza na la pili, halafu inatulia. Ikiendelea mpaka fuo la tano hiyo inachujuka, umedanganywa. Na tofautisha kuchujuka na kupauka, kuchujuka ni rangi kutoka na maji, kupauka ni rangi kufa na jua, hata rangi nzuri ukiianika juani kila siku adhuhuri itapauka, kwa hivo anika kivulini na geuza ndani nje. Mara nyingine kabla hujalipa chukua kitambaa cheupe kilicholowa usugue pembe ya leso, ikiacha alama nyingi muulize ana nyingine. Mwenye mali nzuri hatakukataza kusugua.

Tulikuwa kwenye semina ya mikoko, wakawa wanasema "matumizi endelevu". Kwa nini wasiseme tu "matumizi ya kudumu"? Kijana, Kipungani.

Kwa sababu yangekuwa na maana nyingine. Matumizi ya kudumu ni kutumia bila kuacha, hata mpaka kiishe. Endelevu limetengenezwa kutokana na endelea, nalo lina sharti ndani, unatumia kwa kiasi ambacho chenyewe kitaweza kuendelea kuwepo. Mwanzo sikulipenda, nililiona la makaratasi tu, sasa nalikubali kwa sababu jambo lenyewe wazee wetu wakata boriti walikuwa wakilifanya bila kuwa na neno moja la kuliitia. Walikuwa wanachagua kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja na kazi yake, hawakati eneo lote wakaacha tope tupu, wanachukua wanaruka wanachukua. Boriti yenyewe ndo ilipima nyumba zetu, vyumba vya nyumba za mawe ni virefu lakini upana havipiti mita 3 hivi kwa sababu mti hapo ndo unapoweza kubeba dari. Mwenye kujua alikuwa anaigonga na fundo la kidole, ikisema ngo ngo inapanda darini, ikisema bu anaiacha.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huku kwetu Lamu kijana wangu. Nyinyi ndo mtakaoulizwa. Kwenye semina ijayo mwambieni anayefundisha amlete na mkata boriti mmoja mzee akae mbele naye aseme, mtasikia maneno ambayo kwenye karatasi zao hayamo.

Kaka yangu anaoa mwezi ujao hapa Shela, nimepewa kazi ya kuandika kadi. Nimeandika "Mungu adumu ndoa yao". Dada yangu anasema haijakaa sawa. Nisaidie kabla haijaenda kwa mpiga chapa.

Dada yako ana sikio. Kudumu hakuchukui kitu mbele yake, kitu chenyewe ndo kinadumu, ndoa inadumu, wao wanadumu. Ukitaka Mungu afanye jambo hilo lazima useme kudumisha, kama wimbo wa taifa wa Tanzania unavyomuomba adumishe uhuru na umoja. Ulivyoandika wewe "Mungu adumu" unamuombea Mwenyezi Mungu kudumu, na Yeye haombewi hilo.

Una njia mbili. Ama "Mungu aidumishe ndoa yao", hiyo i- usiisahau ndiyo inayoishika ndoa, ama useme moja kwa moja "Ndoa yao idumu". Mimi kwa kadi ya Shela ningechukua ya kwanza na kuongeza kidogo, kwa sababu wazee watakaoisoma wanapenda kusikia na masikilizano, iwe hivi: "Mwenyezi Mungu aidumishe ndoa yao kwa mapenzi, masikilizano na kizazi chema." Ipigie mstari, isome kwa sauti mbele ya mamako, akisema amina ipeleke kwa mpiga chapa.